Tulivyoomba benefiti Uingereza baada ya mume wangu kupata kiharusi

Nimeulizwa sana na wenzangu hapa Leicester tulifanyaje mpaka mambo yakakaa sawa baada ya Baba Salma kupata kiharusi, basi leo naandika yote kwa pamoja maana kwenye simu nimechoka kurudia. Yeye alikuwa dereva wa basi, mimi nafanya keya pati-taimu kwa wazee, nyumba ya kupanga, watoto wameshaondoka. Mkono na mguu wa kulia ukagoma. Kazini akawa analipwa pesa ya ugonjwa ya kisheria, nayo ina mwisho, wiki 28 tu, kwa hiyo hatukungoja iishe.

Kabla sijaendelea, kama viza yako imeandikwa huna ruhusa ya fedha za umma, usijaze fomu yoyote hata shoga yako akikwambia yeye alipata, ongea kwanza na mwanasheria wa uhamiaji. Sisi tuna makazi ya kudumu.

Tulianza na Universal Credit, ile pesa ya kila mwezi ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mkiwa mke na mume mnaishi nyumba moja hakuna kuomba kivyako, kila mmoja anafungua akaunti yake mtandaoni, wa kwanza anapewa namba ya kuunganisha, wa pili anaiingiza, ombi linakuwa moja. Wanaangalia kipato cha wote wawili na akiba ya wote wawili, ikifika juu ya paundi 16,000 hamna chenu, ikiwa 6,000 kushuka chini hawaigusi. Na nyie wacheza upatu angalieni, kama wewe ndo kijumbe na hela za watu zinapita kwenye akaunti yako, weka maandishi ya nani kachanga nini maana kwenye stetimenti zinaonekana zako. Hela ya kwanza inachukua kama wiki 5. Wanatoa advansi lakini ni mkopo, wanaukata kidogokidogo, sisi tulichukua ndogo ya kodi tu.

Halafu kuna PIP (Personal Independence Payment), pesa ya wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu, hii ni ya mtu mwenyewe mgonjwa, haijali mke anapata shilingi ngapi, na haikatwi kwenye Universal Credit. (Walio Scotland wana ya kwao, Adult Disability Payment.) Unapiga simu, unaletewa fomu, una mwezi mmoja kuirudisha. Na hapa ndo kazi ilipokuwa jamani. Fomu inauliza kupika, kuoga, kuvaa, choo, kutembea, kila kitu kina pointi, ukifika 8 unapata kiwango cha kawaida, 12 cha juu. Sasa mwambie mwanaume wa Tanga, mtu mzima, mwanamsikiti, aandike kwamba mkewe anamfunga suruali! Alikuwa anataka tuandike "anaoga mwenyewe". Anaoga mwenyewe kweli, ila mimi nimesimama mlangoni nimeshika taulo naogopa asiteleze, na mgongo namsugua mimi. Mshauri wa bure aliyetusaidia akatueleza kwamba mtu hahesabiwi anaweza kitu mpaka akifanye kwa usalama, akirudie kila inapotakiwa, na asichukue muda mrefu kupita kawaida. Shati la vifungo linamchukua muda mpaka chai inapoa. Basi hivyo hivyo ndo tulivyoandika, bila kuongeza chumvi, nikaambatanisha barua za hospitali na za fiziotherapia.

Mahojiano yalikuwa kwa simu, mkalimani unapewa bure ukiomba mapema. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimuweka chini nikamwambia mume wangu, kesho ukiulizwa hali usijibu kama umekutana na mtu sokoni, Mungu tutamshukuru tukimaliza. Maana sisi hata mtu yuko hoi kitandani atakwambia hajambo. Akanuna, lakini siku yenyewe alisema yote, hata ya choo.

Upande wa kazi Universal Credit wana kipimo chao kingine, hawatumii cha PIP. Unapeleka cheti cha daktari, unajaza fomu nyingine, wakikuona huwezi kazi wala maandalizi ya kazi wanakuongezea, kwa 2025/26 ilikuwa paundi 423.27 kwa mwezi, kwa kawaida baada ya kungoja miezi 3. Sisi tuliingia kabla ya Aprili 2026, wanaoanza baada ya hapo wengi wanapata karibu nusu.

Lakini kitu ambacho wanandoa wengi wanakiacha mezani ni cha mlezi. Mume akishapata PIP sehemu ya shughuli za kila siku, na wewe unamhudumia saa 35 au zaidi kwa wiki, unaongezewa kwenye ombi lenu hilo hilo, 201.68 kwa mwezi mwaka huo. Mtu mmoja hapewi cha ugonjwa na cha ulezi pamoja, ila mke na mume mnaweza, yeye cha ugonjwa wewe cha ulezi. Hawakuletei wenyewe, unaripoti kwenye jonali, yaani sehemu ya ujumbe kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Mama mmoja niliyemwambia hivi akanijibu "kumuuguza mume wangu nilipwe?" Dada, ukimnyanyua usiku mara tatu ni saa hizo, zihesabu. Na ukifanya kazi hukosi hicho cha ulezi. Carer's Allowance, posho ya mlezi inayoombwa pembeni, ndo yenye kikomo cha mshahara, kwa 2025/26 kilikuwa paundi 196 kwa wiki, na hata ukiipata wanaikata yote kwenye Universal Credit, kwa hiyo mimi sikuhangaika nayo. Mshahara wangu wa keya, kwa sababu yeye ana hicho cha ugonjwa na kodi ya nyumba tunasaidiwa, kwa 2025/26 paundi 411 za kwanza kwa mwezi hawakuzigusa, zaidi ya hapo wanakata senti 55 kwa kila paundi.

La mwisho, safari za nyumbani. PIP inavumilia hadi wiki 13 ukiwa nje, Universal Credit mwezi mmoja tu, na lazima waambiwe kabla hujaondoka. Mama mkwe anataka tukae miezi miwili Tanga, nimemwambia mama, mwanao utamuona wiki tatu, na tiketi nimeshakata.