Chausiku na mayai yake

Mjusi kafiri ninayemfuga hapa Nkuhungu, Dodoma, nilimpa jina la Chausiku kwa sababu mchana kutwa hulala nyuma ya gome la mbuyu nililomwekea, na haonekani mpaka baada ya adhana ya Magharibi. Aliingia nyumbani mwangu siku kijana wa jirani alipompiga ufagio ukutani mkia ukakatika. Nilimwokota na kumweka katika tangi la kioo lililokuwa la samaki, nikikusudia kumwachia mkia ukishaota. Mkia uliota, mfupi na butu kuliko wa kwanza, lakini kufikia wakati huo nilikuwa nimeshatambua kwamba ni jike na kwamba ana mayai. Tena, niseme kweli, nilikuwa nimeshamzoea.

Dume wa mjusi huyu ana uvimbe chini ya shina la mkia na mstari wa vitundu vidogo vidogo kwenye mapaja, navyo jike hana. Kwa Chausiku hata sikuhitaji kuangalia huko, kwa kuwa alipopanda kioo na kunionyesha tumbo, ngozi yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mayai mawili, moja kila upande, yalionekana kama punje za dengu, na pembeni mwa shingo yake palikuwa na vifuko viwili vyeupe ambamo jike hujiwekea akiba ya kalsiamu. Alitaga mawili, baada ya wiki chache akataga mengine mawili, ingawa tangu nimwokote hakuwa amekutana na dume yeyote. Baadaye nilisoma kwamba majike wa jamii hii huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa muda mrefu.

Kosa langu lilikuja hapo. Nilikuwa nikimlisha panzi, nzi na mende wadogo niliowakamata chini ya taa ya barazani, naye alikula vizuri, nikaridhika. Katika uzao wa tatu yai moja lilitoka limebonyea, na siku chache baadaye nikaona vidole vyake vinatetemeka na kila akipanda kioo anateleza. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, mtu aliyezoea ng'ombe na mbuzi, akamtazama, akacheka, kisha akasema, "Mwalimu, huyu mhesabu kama kuku wa mayai." Maneno hayo ndiyo yaliyomwokoa. Kila anayefuga kuku anajua kuwa kuku anayetaga asipopata chokaa huivuta kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe, na mjusi anayetaga mayai yenye ganda gumu yumo katika hali hiyo hiyo. Tena wadudu anaowala wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, hivyo hata akishiba anaendelea kupungukiwa.

Tangu siku hiyo maganda ya mayai ya kuku hayatupwi nyumbani kwangu. Nayachemsha, nayaanika juani, nayatwanga kwenye kinu kidogo cha vitunguu saumu na kuyachekecha mpaka yawe laini kama unga wa ulezi. Panzi nawalisha mchicha kwa siku nzima, kisha nawatia kwenye mfuko pamoja na unga kidogo na kuutikisa hadi watoke weupe kama watu waliotoka mashineni kusaga, na hapo inabidi kuwahi, maana panzi akikaa hujipangusa. Asubuhi nalisogeza tangi dirishani, dirisha likiwa wazi, kwa robo saa hivi, jua liingie kupitia wavu wa kifuniko, kwa sababu kioo huzuia miale inayousaidia mwili kuitumia kalsiamu. Siondoki hapo hata kujibu simu, kwani tangi la kioo likisahaulika juani hugeuka tanuri. Ilichukua wiki kadhaa kabla hajaacha kuteleza.

Mengine yanatokana na mji wenyewe. Dodoma iko juu ya mita 1,100 na mvua zake ni za kati ya Desemba na Aprili tu, kwa hiyo usiku wa Julai ni wa baridi na hewa ni kavu. Wakati huo naweka chupa ya maji ya moto, nikiwa nimeifunga kwa kipande cha kanga, ubavuni mwa tangi kwa nje. Maji ya kunywa namnyunyizia kwenye majani jioni, ayalambe matone. Hewa ikikauka sana gamba analovua hung'ang'ania vidoleni, nami humlaza juu ya kitambaa chenye unyevu hadi lilegee, kwa sababu likibaki hubana vidole hivyo anavyovitegemea kushika ukuta. Dawa ya mbu ya kupuliza haitumiki tena chumbani humo, na mikono nanawa kwa sabuni kila nikimshika, kwani mjusi huweza kubeba bakteria wa salmonela.

Bibi wa jirani hukaa mbali na meza hiyo. "Mwanangu, huyo ndiye aliyeupulizia moto wa Nabii Ibrahimu," huniambia, nami sibishani naye katika habari za dini. Ninachomkatalia kwa adabu ni ile habari ya sumu, kwa kuwa mjusi huyu hana sumu. Wapo pia wanaoniuliza namna ya kumpata yule mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, nami huwajibu kuwa huyo yuko hatarini kutoweka na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 2017. Aachwe kwenye mikadi yake, miti anayoishi.

Mayai ya uzao wa nne aliyabandika nyuma ya gome, nami sikuyagusa wala kuyageuza. Baada ya takriban miezi miwili nilikuta maganda mawili matupu na vitoto viwili vya mjusi, kila kimoja chembamba kama njiti ya kiberiti. Niliwahi kuwatoa, maana mama yao hachagui kilicho mbele yake, nikawaachia ukutani karibu na taa ya barazani. Jana usiku Chausiku amepanda kioo tena, na zile punje mbili za dengu zimerudi. Maganda yapo juani yanakauka.