Yogati za Kigiriki dukani: nilivyopata mtindi mzito ninaoutaka bila kumaliza mshahara

Nimekulia Tanga, na kwetu mtindi ulikuwa mtindi: umeganda au haujaganda, basi. Huku Uingereza rafu ya supamaketi ina makopo ya yogati ya Kigiriki, ya mtindo wa Kigiriki, ya kuchujwa, mafuta asilimia 0, asilimia 5, asilimia 10, yenye asali, yenye nazi. Mimi nilitaka mtindi mzito tu, wa kulia na tende asubuhi na wa kutia kwenye biriani wageni wakija. Kwa kuwa bei zinapishana sana, niliamua kununua ya kila aina na kuyaonja pamoja siku moja, kijiko kwa kijiko, badala ya kuamini picha za nguzo nyeupe na bahari ya buluu.

Jambo la kwanza nililolishika ni kwamba hapa "ya Kigiriki" na "ya mtindo wa Kigiriki" ni vitu viwili, na mahakama iliwahi kuingia kati. Mwaka 2012 Chobani, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Hamdi Ulukaya, Mkurdi kutoka Uturuki, ilileta Uingereza yogati iliyotengenezwa Marekani ikaiita ya Kigiriki. FAGE, kampuni ya yogati iliyoanzia Ugiriki, ikaishtaki. Mahakama Kuu ikawapa Wagiriki haki mwaka 2013, na rufaa ikashindwa 2014. Tangu hapo, kopo linaloandikwa "ya Kigiriki" huku linatakiwa liwe limetoka Ugiriki na limechujwa. Lililoandikwa "mtindo" linaweza kuchujwa au lisichujwe. Uzito wake unaweza kutoka kwenye malai, kwenye unga wa maziwa, au hata kwenye wanga wa mahindi.

Kwa hiyo nikaacha mbele ya kopo, nikawa nasoma nyuma. Ninatazama protini kwenye gramu 100. FAGE ya asilimia 5 ina protini gramu 9 na mafuta 5. Ile ya asilimia 0 inapita gramu 10 za protini. Makopo mengi ya "mtindo" niliyoyashika yalikuwa kinyume chake: mafuta gramu 9 au 10, protini 4 hadi 6. Mtindi ukichujwa, maji yake hutoka na protini hubaki, ndiyo maana kilo moja hula karibu lita nne za maziwa, na ndiyo maana bei hupanda. Ukitiwa malai, unakuwa laini na mtamu mdomoni, lakini protini haiongezeki.

Sasa ladha. FAGE ya asilimia 5 inasimama kwenye kijiko, ina uchachu wa kiasi, na kwa tende sijaona mfano wake. Ya asilimia 0 ni kavu, inakwama kooni kama chaki. Watu wa mazoezi wanaipenda, nawaachia. Ya "mtindo" yenye malai ni tamu kweli, watoto waliimaliza kabla sijaandika chochote. Moja ya bei ya chini kabisa ilikuwa inateleza kama uji uliopoa, na kwenye viungo vyake nikaona wanga. Nilidondoshea kijiko kimoja iodini, lile jaribio la wanga la darasa la sayansi tulilofanya kwa muhogo, na ikageuka buluu-nyeusi palepale. (Kijiko hicho usikile.) Zenye asali na matunda sikupoteza muda nazo: nyingi zina sukari zaidi ya gramu 10, wakati isiyotiwa kitu ina 3 hadi 5 ya maziwa yenyewe.

Kwenye sufuria mambo yaligeuka. Nilidhani iliyochujwa ingeshinda na huko, lakini kwenye masala ya biriani ni gharama ya bure: inabidi uilegeze kwa maji ambayo mtu mwingine amelipwa kuyatoa. Ile ya "mtindo" ya asilimia 10 ndiyo naipikia. Mafuta yake huisaidia isikatike kwenye moto, mradi uitoe kwenye friji mapema, uipige ilainike, na uitie wakati vitunguu, tangawizi na thomu vimeshaiva na moto umepungua. Ya asilimia 0 ilinikatikia, masala yakawa na chembechembe. Wifi yangu alikuwa jikoni akaangalia, akasema, "Hii biriani au mchuzi wa jibini?" Tukaila, lakini sikuirudia.

Mtindi wa kulia na tende nao nimeupatia njia. Nanunua kopo kubwa la yogati ya kawaida, ya maziwa kamili, ambayo viungo vyake ni maziwa na bakteria wa kugandisha tu. Natandika kitambaa cha melimeli kwenye chujio, chini bakuli, natia, nafunika, nasukumia friji hadi asubuhi. Inabaki takribani nusu, nzito, karibu sana na ile ya bei kubwa. Hesabu yake inataka umakini, maana nusu imeondoka: kama yogati ya kawaida si chini ya nusu ya bei ya FAGE, nunua FAGE ulale. Kopo lenye wanga halifai kwa kazi hii, kwa sababu wanga unayashika maji na asubuhi unakuta matone tu kwenye bakuli.

Yale maji ya kijani-njano siyamwagi. Nakandia unga wa maandazi badala ya sehemu ya maziwa, uchachu wake hausikiki kabisa yakishaiva. Ila usiyachanganye na maziwa ya moto, yatakatika.