Siku ishirini na nane

"Lakini bei yetu ilikuwa ya chini kuliko ya wote!" Mteja wangu, mhandisi kutoka Ulaya, alilirudia hilo mara tatu. Tulikuwa mgahawani Posta, barua ya kukataliwa kwa zabuni yake iko mezani, chai imeshapoa. Hakukosea. Bei zilisomwa siku ya ufunguzi na kila mtu alisikia. Tatizo ni kwamba zabuni yake haikufika hata kwenye tathmini ya bei.

Masharti yalitaka zabuni iwe hai siku 120, na dhamana ya benki izidi hapo kwa siku 28. Benki ya kwao ikaandika 120, basi. Nakala niliiona saa kumi jioni, na zabuni inafungwa kesho yake saa nne asubuhi. Benki ikasema kurekebisha ni siku tatu. Tukaipeleka hivyo hivyo. Miaka kumi na moja naandaa zabuni hapa Dar, na bado nilijidanganya kwamba labda hawataona.

Wageni wakinipigia, swali la kwanza huwa "tumwone nani?" Jamani, someni kwanza masharti! Na someni sheria: kwa kanuni za 2024, kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 zimetengwa kwa kampuni za wazawa. Kwa kazi ya bilioni 20, usipoteze nauli.

Kwa zile kubwa, tafuteni mbia mapema. Bwawa la Nyerere kule Rufiji, Arab Contractors na Elsewedy Electric, kampuni kubwa zote mbili za Misri, zilikuja kwa ubia. Sasa wewe mwenye wahandisi sita unataka kuja peke yako? Ila mbia wa kuokota wiki ya mwisho mara nyingi ni kampuni ya begi: ina muhuri na TIN, haina hata greda. Wakaguzi wakiomba mikataba yake ya nyuma, simu haipokelewi.

Siku hizi kuna NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni. Zamani tulikimbia na makasha ya nakala, ukimbembeleza karani akupe dakika mbili. Mfumo haubembelezwi.

Ijumaa iliyopita nimepata barua pepe nyingine. Wanataka mbia na dhamana. Zabuni inafungwa Jumatatu. Nimewajibu kwa swali moja: mmeshaongea na benki?