Saratani ya Ukoo Wetu
Saratani ya utumbo mpana niliyonayo imekwisha kufika kwenye ini, yaani hatua ya nne. Chanzo chake ni kasoro ya jeni ya MSH2 niliyorithi kwa marehemu baba, ambaye, kama shangazi aliyeugua saratani ya mji wa mimba, hakufika uzeeni, huku ukoo ukinong'ona kuhusu husuda. Hali hii huitwa sindromu ya Lynch, kwa jina la daktari Mmarekani Henry Lynch, ingawa mtangulizi wake Aldred Warthin alikwisha kuandika habari za familia ya namna hiyo mwaka 1913, baada ya mshonaji wake wa nguo kumwambia kwamba angekufa kwa saratani kama jamaa zake. Na ndivyo ilivyokuwa.

Kazi ya jeni hiyo ni kusaidia kusahihisha makosa yanayotokea seli inaponakili vinasaba vyake. Ikiharibika, makosa hulimbikizana, na ajabu ni kwamba humo ndimo ilimo nafuu yangu, kwa kuwa uvimbe wenye makosa mengi hutambulika kwa urahisi zaidi na kinga ya mwili. Ndiyo maana ninatundikiwa dripu ya pembrolizumab, dawa inayoiwezesha kinga hiyo kuishambulia saratani, kila baada ya wiki tatu. Uchovu na muwasho wa ngozi ninavivumilia.

Kinachoninyima usingizi ni wanangu, ambao kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi kasoro hii. Binti yangu amekubali kupimwa damu. Kaka yake hataki hata kusikia, nami simlazimishi, ila nimemweleza kwamba mwenye kasoro hii akichunguzwa utumbo kwa kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, kila mwaka mmoja au miwili, vivimbe huweza kuondolewa kabla havijageuka saratani.