Ijumaa ya kuandaa kila kitu isipokuwa hadithi

Saa 11 alfajiri. Nimeamka mapema makusudi. Kesho saa 3 asubuhi mimi na wachoraji wenzangu wachache tunaanza kuchora hadithi ya katuni ya kurasa 24 ndani ya saa 24, na nataka ifikapo saa 4 usiku wa leo mwili udai usingizi wenyewe. Najaza ndoo, nafagia, nachemsha chai ya tangawizi.

Changamoto hii aliibuni mchoraji wa Marekani, Scott McCloud, mwaka 1990, ili yeye na rafiki yake Steve Bissette waache kukawia mno kwenye kazi zao. Mwaka 2004 Nat Gertler akaifanya iwe na siku yake maalumu, wachoraji wengi wachore kwa pamoja. Watu wakisikia hesabu ya ukurasa mmoja kwa saa, wanadhani ugumu ni kasi. Kwangu ugumu uko kwenye kanuni nyingine: hadithi haiandaliwi. Huruhusiwi kuandika muhtasari wala kumchora mhusika kabla ya muda. Vifaa, picha za kutazamia, chakula na muziki, hivyo kusanya upendavyo. Na saa ikishaanza haisimami, hata ukila, hata ukisinzia.

Kwa hiyo leo kazi yangu ni kuandaa kila kitu na kuiacha hadithi ilipo.

Saa 1 asubuhi. Mwendokasi, kutoka Magomeni Mapipa kwenda Gerezani. Binti mmoja amepakata keki ya harusi, na kila basi linapofunga breki abiria waliosimama karibu wananyoosha mikono kuikinga. Mzee mmoja anatoa amri, "Dereva, taratibu, tuna bibi harusi humu!" Basi zima linacheka. Siku nyingine daftari lingeshatoka mkobani. Leo nimeliacha nyumbani, maana najijua: nikichora ile mikono tu, hadithi imeshaanza. Jiji hili linakumwagia visa tangu unapofungua mlango, na leo inabidi nivipishe.

Saa 2 na nusu. Kazini, duka la uchapaji Kariakoo. Ijumaa ni siku ya kadi za harusi, mabango ya send-off na tisheti za kamati. Mteja anataka majina ya wajomba wote kwenye kadi moja. Nayapanga yote yakaenea, na bado nafasi ya kupumua ikabaki. Kazi hii imenifundisha kuhesabu maneno kabla ya kuyapa nafasi, jambo ambalo kwenye katuni ni nusu ya ufundi: fremu iliyojaa maneno inamfukuza msomaji.

Saa 7 mchana. Mtaa umetulia kidogo kwa swala ya Ijumaa. Nakula wali maharage kwa mama ntilie na kumwagiza chapati za kesho.

"Ishirini? Una wageni, mwanangu?"

"Tunachora mpaka asubuhi, mama."

"Basi nikuwekee na karanga. Ukishiba sana utalala."

Yuko sahihi. Ugali mchana wa kesho haupo kwenye mpango. Tutakula kidogo kidogo, na kahawa chungu tutaisubiri mpaka usiku uingie.

Kabla ya kurudi dukani napiga picha za kutazamia: mkokoteni kwa ubavu, mpagazi anavyoinama chini ya mzigo, vitasa vya milango ya zamani, paa la zege la Soko Kuu la Kariakoo, jengo alilobuni Beda Amuli. Sipigi picha kwa kufuata kisa chochote. Nakusanya maumbo, ili saa 9 usiku, kichwa kikiwa kizito, nisikwame kwenye gurudumu.

Saa 9 na nusu. Nimeomba ruhusa ya saa moja, naingia duka la vifaa vya ofisi na shule. Hapa sina haraka hata kidogo.

Karatasi kwanza. Nachagua A4 ya gramu 160. Ya gramu 80 ni rahisi kwa bei, lakini wino unapenya na karatasi inajikunja ikilowa jasho la kiganja, na Oktoba ya Dar jasho halikosekani. Wapo wanaopenda A3. Mimi naona kwa saa moja ukurasa mkubwa unakula muda kwenye kujaza weusi tu. Kisha peni: ncha ya milimita 0.3 kwa nywele na mistari ya mbali, 0.8 kwa mwili wa mhusika, na brashi moja kwa giza. Ninachora mstari, nahesabu mpaka kumi, kisha napitisha kidole chenye maji. Wino ukitapakaa, peni nairudisha. Kaka muuzaji ameshanizoea, ananipa kikaratasi cha majaribio kabla sijaomba. Naongeza raba laini, wino mweupe wa kufutia, penseli za HB na rula ya chuma.

Saa 12 jioni. Nyumbani. Tutachorea sebuleni kwangu, taa zitawaka usiku kucha, kwa hiyo naenda kwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Namweleza. Anatabasamu. "Enzi zetu baba akirudi na *Uhuru*, sisi tunamtafuta Chakubanga kwanza." Ruhusa nimepata.

Nimefurahi alivyomtaja. Chakubanga, mhusika wa katuni wa mchoraji Christian Gregory, aliwafanya watu wafungue gazeti kwa ajili ya mchoro, na mpaka leo mchoraji wa hapa riziki yake kubwa iko kwenye picha moja ya gazetini. Hadithi ndefu anaiweka kiporo: nikipata muda, nikipata mchapishaji. Ndiyo maana naipenda kesho. Jumapili asubuhi mtu anaondoka na hadithi nzima mkononi, yenye mwanzo na mwisho.

Nanunua umeme wa LUKU, nachaji taa ya sola, nafunga kamba ukutani na vibanio vya nguo vya kuanikia kurasa zenye wino mbichi. Feni naielekeza kwenye kamba, mbali na meza. Mezani, mbele ya kila kiti cha mchoraji, naweka kitambaa cha kulalia kiganja.

Saa 2 usiku. Mazoezi ya mkono: duara, mistari mirefu ya kuvuta mkono kutoka begani, vidole vilivyokunjwa. Sichori uso wowote, kwa sababu uso ukitokea vizuri utadai jina.

Saa 3 na nusu. Kwenye simu tunakubaliana jinsi ya kumaliza kwa atakayeshindwa kufikisha kurasa. Njia ziko mbili, zimepewa majina ya waliozitumia: ya Neil Gaiman, saa 24 zikiisha unafunga hadithi ulipofika; ya Kevin Eastman, unaendelea mpaka ukurasa wa 24 hata muda ukipita. Tumechagua ya Gaiman, kwa kuwa Jumatatu wote tuna kazi.

Mdogo wetu kuliko wote anauliza, "Dada, sentensi ya kwanza tu naruhusiwa kuifikiria?"

Namjibu hapana, aje na penseli zilizochongwa, na kabla ya saa 3, maana hatusubiri mtu.