Nilivyopima mwendo na nguvu ya sauti za kwaya yetu

Mzee wetu wa besi alinisubiri mlangoni baada ya mazoezi, hapa Kihesa, Iringa. "Kamwene, mwalimu. Tangu mlete hicho kinanda chenye ngoma ndani yake, wimbo haupumui." Vijana wakacheka. Mimi nilinyamaza, maana sikuwa na jibu.

Nikaamua kupima: ubeti uleule, mara moja na biti ya kinanda, mara nyingine kavu bila ala. Simu niliiweka juu ya kiti mbele ya waimbaji.

Mara ya kwanza niliharibu. Pale walipoimba chini na pale walipopaza, rekodi ilionyesha nguvu karibu ileile. Kumbe simu ilikuwa inajirekebisha: sauti ikishuka inaipandisha, ikipanda inaibana. Kwa kurekodi mkutano ni msaada, kwa kupima ni hasara tupu. Nikatafuta programu ya kurekodi inayokubali kuzimwa marekebisho hayo, na nikapiga marufuku kiti kuguswa. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Utasema wameimba kwa sauti ya chini, kumbe ni kiti kimesogezwa. Mara ya pili mvua ikaanza kupiga bati, tukarudi nyumbani.

Mara ya tatu ikakubali. Mwendo niliupima kwa Sonic Visualiser, programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London. Unasikiliza huku unagonga kitufe kila pigo, nayo inachora mstari hapo ulipogonga. Kisha 60 unaigawa kwa sekunde zilizopo kati ya pigo na pigo: sekunde 0.75 ni mapigo 80 kwa dakika, sekunde 1 ni mapigo 60. Kidole hudanganya, hasa waimbaji wanapovuta mwendo, kwa hiyo niligonga mara tatu nikachukua wastani. Bado silabi ya "ka" au "ta" unaiona inapoanzia kwenye mchoro wa mawimbi ya sauti. "Ma" na "wa" zilinitoa jasho, maana mwanzo wake hauonekani wazi.

Na biti, mwendo ulikuwa 80 mwanzo mpaka mwisho, umenyooka kama rula. Kavu, mstari wa kwanza wa ubeti ulianza kwenye 72, ukafika 80 katikati, ukatua kwenye 60, na desibeli zikapanda na kushuka pamoja nao. Mtafiti Neil Todd aliuandika mwelekeo huo mwaka 1992 kwa wapiga piano. Ila mstari wa tatu ulinitia shaka: mwendo ulianguka ghafla huku sauti ikibaki juu. Nikasikiliza tena. Hapo hapakuwa na ufundi wowote, waimbaji wa sauti ya pili walikuwa wameishiwa pumzi.

Nikampelekea Mzee karatasi yenye michoro. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Besi iko wapi hapa?"

"Sauti zote zimechanganyika, Mzee."

"Basi mimi hujanipima."

Jumamosi naazima simu ya pili, nitaiweka upande wake.