"Madam, niandike ipi?"

Jumamosi, jioni

Shule imefungwa jana. Wanafunzi wameondoka na matranka yao, nami leo nimeshinda maktabani na leja, nahakiki vitabu. Fomu inataka mambo matatu: vilivyopo, vilivyopotea, vilivyochakaa. Nimejaza yote. Mkaguzi akija atakuta hesabu zimekaa sawa, ukiacha atlasi moja ambayo naamini imelala chini ya godoro la mtu huko bwenini.

Kazi hii nilikabidhiwa tu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Waliosomea ukutubi, yaani kazi ya maktaba, wengi wao wamepitia chuo cha Bagamoyo, na shule ya aina yetu kumpata mmoja wao ni bahati. Huku kwetu mwalimu mwenye vipindi vichache huitwa ofisini, hupewa ufunguo na kuambiwa atunze vitabu. Naye anatunza kweli. Nimewahi kuingia kwenye maktaba ya shule moja, sitaitaja, ambako vitabu vilikuwa bado vinanukia wino, vimefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo anasifiwa kila kikao kwa kuwa hakijapotea hata kimoja. Mimi ningempa onyo. Kitabu kilichopotea baada ya kusomwa na watoto ishirini kimeshalipa deni lake.

Ninachokifanya kutwa hakimo kwenye ile fomu. Mwanzoni mwa mwaka, kwa mfano, karibu kazi yangu yote ni Kidato cha Kwanza. Wametoka shule ya msingi walikosoma karibu kila somo kwa Kiswahili, sasa vitabu vingi vya kiada ni vya Kiingereza. Anakuja mtoto, anasimama mbali kidogo na meza.

"Shikamoo madam. Naomba kitabu chembamba."

"Marahaba. Chembamba cha nini?"

"Chembamba tu, madam."

Huyo haombi habari za mnyama wala za sayari. Anaomba kitu atakachoweza kukimaliza bila kuaibika. Zamani hadithi nyepesi za Kiingereza zilikuwa na rafu yao pembeni, zenye picha kubwa, na hakuna aliyethubutu kuonekana amesimama pale. Nikazitawanya katikati ya vitabu vingine, nikazifunika majalada ya kaki yanayofanana na ya vitabu vyote. Zikaanza kutoka.

Halafu kuna faharasa. Mtoto akitumwa na mwalimu wa Baiolojia atafute jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, hufungua ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma, huku kengele ya kipindi kijacho inakaribia. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba nyuma ya kitabu kuna orodha ya maneno na kurasa zake. Ukimwonyesha unakutana na kikwazo cha pili: neno analijua kwa Kiswahili, orodha iko kwa Kiingereza. Basi tunaanza na kamusi, kisha faharasa, kisha ukurasa. Dakika kumi zinakwenda kwa swali moja. Akirudi mara nyingine anafanya peke yake, na pengine anamfundisha mwenzake vibaya, nami naacha kwanza wavutane.

Lakini jambo ambalo limekataa kunitoka muhula huu ni la kijana mmoja wa Kidato cha Tatu. Alikuja na vitabu viwili mikononi, amebana kurasa kwa vidole.

"Madam, hiki kinasema Vita vya Maji Maji vilikufa watu 75,000. Hiki kinasema laki tatu. Niandike ipi?"

Rahisi ilikuwa kumwambia aandike ya kitabu cha kiada, aende zake. Nikamuuliza nani alihesabu. Hakujua, tukatafuta. Ile 75,000 ilitoka kwa serikali ya Wajerumani wenyewe. Ile kubwa, kati ya 250,000 na 300,000, ni makadirio ya mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa. Tukasoma kidogo kilichotokea kusini: mwaka 1905 watu wa Umatumbi wakang'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, vita vikaenea, na jeshi la Wajerumani likachoma mashamba na maghala ili njaa imalize kilichoshindikana kwa bunduki. Vitabu vingi vinaandika 1905 hadi 1907. Njaa haikufuata tarehe hizo.

Kijana akanyamaza, anachezea kona ya daftari. Kisha akasema: "Basi inategemea vita iliisha lini."

Hilo sikumwambia mimi. Wala halimo kwenye kitabu chochote kati ya vile viwili.

Mwalimu wake wa Historia hakufurahi. Alinifuata wakati wa chai: "Mwalimu, unanichanganyia watoto. Mtihani hauna nafasi ya mjadala." Ana hoja, tusidanganyane. Matokeo ya Kidato cha Nne yakibandikwa, jina linalotajwa kikaoni ni lake, si langu. Mimi nikamjibu kwamba kijana yule sasa anazijua namba zote mbili, anajua kila moja ilikotoka, na sababu ya tofauti pia. Swali la kueleza likija, ataandika ukurasa mzima wakati mwenzake anaandika mstari. Hakunijibu. Alimalizia andazi lake.

Swali la nani alihesabu likasambaa bila mimi kulisambaza. Wiki iliyofuata binti mmoja, msaidizi wangu wa kurudisha vitabu rafuni, aliuliza kwa nini vitabu vya Uislamu vyote tunavibandika mgongoni namba moja ya kupangia rafuni, 297, ilhali vya Ukristo vimepewa namba kuanzia 220 hadi 280 na kitu. Na kwa nini fasihi ya Kiingereza ina 820 nzima, lakini riwaya ya Kiswahili imesukumwa hadi 896 na ushee. Nikamwambia mpangilio huo aliutunga Mmarekani, Melvil Dewey, akautoa mwaka 1876, na mtu akigawa nyumba huanza na chumba anacholala yeye. Alicheka, kisha akauliza kama tunaruhusiwa kupanga upya. Riwaya za Kiswahili sasa ziko rafu ya mlangoni, namba zake zilezile mgongoni. Mkaguzi asome namba, msomaji asitafute mbali.

Jana, kabla ya kuondoka, yule mwalimu wa Historia alipitia mlangoni kwangu. Muhula ujao ananipa vipindi vyake viwili vya Ijumaa, Kidato cha Tatu waje maktabani darasa zima, mada ikiwa ileile ya upinzani dhidi ya ukoloni. Sharti lake ni moja: swali nitakalowapa liwe la aina inayotoka kwenye mtihani wa taifa. Nimekubali bila kubishana. Karatasi za mitihani iliyopita ndizo zinazoazimwa kuliko kitu chochote humu, kwa hiyo maswali sitayakosa.

Nitakachokosa ni viti. Vilivyopo vinatosha nusu ya darasa. Jumatatu nitamwona mkuu wa shule aturuhusu kuhamisha mabenchi ya bwaloni siku za Ijumaa, na nimeshajua atauliza nani atayarudisha kabla ya chakula cha mchana.